Lebo ya Malkia

Ukitaka kugombana na Cephas Ogweno, huna haja ya kumtukana mamake wala kumgusa ng'ombe wake. Ingia kwake pale Homa Bay, nyuma ya kiwanda cha pamba, keti, kunywa chai yake yenye maziwa mengi, halafu umwambie, "Mzee, hizi lebo zako ni nzuri." Basi. Chai utaimalizia nje.

"Stempu!" angefoka. "Lebo ni ya chupa ya soda! Lebo ni ya mkebe wa mafuta ya kupikia! Wewe umesoma mpaka wapi?"

Sasa mimi nitasema kweli, kwa kuwa yeye hakutaka kuisema. Hazikuwa stempu. Zilikuwa vijikaratasi vyenye gundi nyuma na meno pembeni, mtu akitazama haraka anaapa ni stempu, na juu yake sura za wafalme na malkia wa Uingereza na mataji yao. Huko kwao zilichapishwa kila wakati mtu wa ukoo ule alipotawazwa au kuoa, na watu wakazibandika kwenye bahasha kando ya stempu yenyewe, kwa furaha tu. Hazikuwa na bei. Hazikuweza kupeleka barua hata kutoka Homa Bay mpaka Kendu Bay. Wanaozikusanya ng'ambo huziita sinderela, na Cephas alilijua jina hilo, maana rafiki yake wa kuandikiana, mzee mmoja wa Leeds, alimweleza kinagaubaga. Cephas alisoma barua ile mara moja, akaikunja, akaendelea kuziita stempu.

Ugonjwa huo ulimwanza akiwa mtoto wa misheni, mwaka ule malkia alipotawazwa. Mwalimu aligawa moja kwa kila mtoto. Wenzake walilamba gundi kwa kuwa ilikuwa na utamu, wakazibandika kwenye paji la uso na kukimbizana uwanjani mpaka zikaanguka. Cephas hakulamba. Babake alikuwa akichunga ng'ombe wa watu, na kila kitu alichowahi kupewa mtoto yule, shati, kikombe, hata jina, kilikuwa kimetumiwa na mwingine kwanza. Ile ilikuwa mpya. Aliiweka ndani ya kitabu cha hesabu, na akipata kiboko kwa hesabu mbaya anafungua ukurasa ule na kuitazama.

Alipokua akawa karani wa mizani kiwandani, akipima pamba ya wakulima. Mke wa meneja wa Kizungu, walipofunga mizigo kurudi kwao baada ya Uhuru, alimwachia mkebe wa biskuti umejaa wafalme wa zamani. Yule mzee wa Leeds naye akawa anamtumia: za malkia kutimiza miaka ishirini na mitano kitini, za mwanawe kuoa. Cephas akanunua albamu kubwa ya picha. Kila Jumapili baada ya kanisa anaosha mikono kwa sabuni mpaka viwiko, anavaa koti, anafungua. Mkewe, Phelesia, alikuwa akipita na sufuria na kusema, "Yawa! Mtu huyu angenishika mimi kwa adabu hiyo, tungezaa kumi." Majirani walicheka. Cephas hakucheka, hakuona kichekesho kiko wapi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumcheka, dadake mdogo, Dolphine. Dolphine ndiye aliyekaa karibu naye, akiwa bado msichana hajaolewa, na kuuliza, "Na huyu ni nani? Na huyu mwenye ndevu?" Cephas akampenda kwa hilo. Kumbuka hapo, alimpenda kweli.

Dolphine aliolewa Lambwe. Hakupata mtoto, na mume alikuwa na mkono mwepesi, na mama mkwe alikuwa na mdomo mwepesi zaidi. Alivumilia miaka, mwisho akabeba kikapu chake akarudi kwao karibu na Sori. Sasa, binti aliyerudi kutoka kwa mume, kwa Wajaluo, huitwa migogo, na migogo ni mgeni katika boma la babake. Anaweza kulala, anaweza kula, lakini shamba si lake, na akifa hazikwi ndani ya ua. Anachimbiwa nje, kule ng'ombe wanakopita. Hakuna aliyemchukia Dolphine. Ni desturi tu, na desturi haina macho ya kuona huyu ni mtu mzuri.

Dolphine hakulia. Alinunua omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Sori, akawa anapeleka soko la Migori, gunia baada ya gunia, mpaka nguo zake zikanuka omena hata zikifuliwa. Siku moja akaenda Homa Bay kwa kakake.

"Owadwa," akamwambia, ndivyo dada anavyomwita nduguye, "nimepata shamba nje ya Migori, upande wa kwenda Kehancha. Mzee Mkuria anaitwa Nchagwa ndiye anauza. Kipande kidogo. Nataka mahali nikifa hakuna mtu atauliza huyu ni wa nani."

"Na mimi nifanye nini?"

"Uniandikie makubaliano. Hakuna mwenye mwandiko kama wako."

Hapo alimpata. Cephas alikuwa na mwandiko ambao ungeweza kuutundika ukutani.

Wakakutana kwa Nchagwa siku ya Jumapili: Nchagwa mwenyewe, mzee mrefu aliyepigana vita vya Burma, mkewe Bhoke, Dolphine, na Cephas ndani ya koti lake. Pesa zilikuwa zimeshatolewa, zikapokewa. Cephas akaandika ukurasa mzima bila kufuta neno. Ikabaki stempu. Enzi hizo kila mtu alijua kwamba makubaliano bila stempu ni hadithi tu. Ilibidi ununue posta ile ya ushuru, uibandike chini, kisha muuzaji atie sahihi au kidole nusu juu ya stempu, nusu juu ya karatasi, ili mtu asije akaibandua. Lakini Jumapili posta imefungwa, na duka lililozoea kuziuza lilikuwa limeishiwa.

"Tungoje kesho," Dolphine akasema.

"Kesho mimi navuka Tanzania kuona ng'ombe za mahari," Nchagwa akasema. "Nikirudi wiki ijayo tutamaliza. Sina haraka."

Hakuna aliyekuwa na haraka. Ni Cephas tu. Alitia mkono mfuko wa ndani wa koti akatoa bahasha, kwa sababu kila aendako alibeba zile alizokuwa nazo mbili mbili, asije akakutana na mtu wa kumwonyesha. Akachomoa moja ya kutawazwa, malkia na taji lake, rangi ya zambarau.

"Tungoje nini?" akasema. "Hii hapa."

Dolphine akaitazama. "Hii itafaa kweli?"

"Kufaa? Inapita kufaa! Ya ushuru ina nini? Nembo tu. Hii ni malkia mwenyewe."

Nchagwa akaisogeza karibu na macho. "Ah! Huyu si binti ya yule tuliyempigania Burma?" Akasimama, akapiga saluti, wote wakacheka. Cephas akailamba, mara yake ya kwanza maishani kulamba moja, akaibandika. Nchagwa akachovya kidole gumba kwenye wino akakikandamiza, nusu kwenye karatasi, nusu kwenye uso wa malkia, pua ikapotea. Bhoke akatia chake kando kama shahidi. Cephas alirudi Homa Bay amejaa furaha mpaka Phelesia akadhani amekunywa. Moja ya stempu zake ilikuwa imefanya kazi ya stempu.

Dolphine akajenga nyumba ya udongo na mabati, akapanda mahindi, mihogo na miti ya uzio. Mpakani aliishi vizuri na Bhoke kuliko alivyowahi kuishi na wifi yeyote. Mmoja akipika uji mwingine anaitwa. Miaka ikaenda hivyo. Kisha Nchagwa akafa, mji wa Migori ukavimba ukawakaribia, na mwanawe Wesley akarudi kutoka Nairobi akiwa na ramani ya nyumba za kupangisha. Akapima shamba la babake kwa hatua, akafika kwenye uzio wa Dolphine, akauruka akaendelea kupima.

"Mama huyu babangu alimpa tu mahali pa kukaa," akawaambia watu. "Kama ameuziwa, alete karatasi."

Dolphine akaleta. Wesley akaiangalia, akaanza kucheka taratibu, kisha akaenda kushtaki kwenye baraza la wazee wa mashamba pale Migori. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kiwanda cha pamba kilikuwa kimekufa, na Cephas hakuwa tena karani wa kitu chochote.

Aliitwa kutoa ushahidi. Akavaa koti, akachukua albamu.

"Umeitwa kwa shamba ama kwa harusi?" Phelesia akamuuliza.

"Watataka kuona."

"Nani? Baba, hiyo kitu iache hapa. Nenda umsaidie dadako, urudi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaondoka na albamu kwapani.

Barazani wazee walikaa kwenye benchi, mwenyekiti wao mzee Makori, mtu mpole mwenye kikohozi. Wesley alikaa upande mmoja na mamake. Bhoke alikuwa ameinamisha kichwa, amejifunga leso mpaka kidevuni. Dolphine alikaa upande wa pili, karibu na kakake, akinuka omena na sabuni.

Wesley hakuzungumza mengi. "Wazee, tazameni stempu hiyo. Mimi nimesema yangu."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Makori akamtuma mtu posta, ng'ambo ya barabara, akarudi na karani wa hapo, Nyarangi, kijana mwenye kalamu sikioni. Nyarangi akaikagua, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga.

"Hii haina bei," akasema. "Haina nchi. Mzee, hii ni lebo. Hata niipige muhuri namna gani, haiendi popote."

Watu waliojazana mlangoni wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Wamebandika lebo ya blanketi!" Wakacheka tena, na Cephas akasikia damu ikimpanda masikioni. Akafungua mdomo. Dolphine akamshika mkono wa koti.

Makori akanyamazisha watu. Akamgeukia Cephas, na ndugu zangu, mzee yule alikuwa na huruma. Alimwekea njia nyeupe kabisa, mtoto angeifuata.

"Jaduong'," akamwita, kama wanavyoitwa wazee wa Kijaluo, "wewe ndiye uliandika?"

"Ni mimi."

"Na hii uliibandika wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa nisikilize vizuri. Watu wengi hapa wameuziana bila stempu. Hilo ni kosa dogo, sisi hulipita. Ukituambia hii ni lebo tu, uliiweka kama pambo, basi tunahesabu karatasi haina stempu. Tunaweka karatasi kando, tunauliza mashahidi walio hai, na mmoja ninamwona amekaa pale. Lakini ukisema ni stempu, na posta inasema si stempu, basi hiyo ni stempu ya kughushi, na mambo ya kughushi hatuyasikilizi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi hii ni nini?"

Cephas alielewa. Asije mtu akasema hakuelewa, mtu aliyepima pamba ya wilaya nzima. Neno moja la silabi mbili lilitakiwa. Alilihisi ulimini. Lakini alitazama mlangoni, akaona meno ya watu, akaona yule kijana wa posta anazungusha kalamu na kungoja kwa tabasamu, na albamu ikawa nzito kwapani. Akilitamka neno lile hapa mbele ya watu, ndani ya albamu hii mna nini? Miaka yote ile alikuwa akiosha mikono kwa ajili ya nini? Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira, na hasira yake haikujua kuchagua wa kumwangukia.

"Owadwa," Dolphine akanong'ona. "Sema lebo."

"Ni stempu," Cephas akasema.

Makori akakohoa. "Jaduong', nakuuliza tena. Fikiri kwanza."

"Owadwa, tafadhali. Sema tu. Ukifika nyumbani utaiita unavyotaka."

Pengine hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba hata yeye, Dolphine, aliyekuwa akiuliza majina yao moja moja, hata yeye muda wote alijua. Akafungua albamu mezani mbele ya wazee, akaanza. Hawa hapa ni wa mwaka huu, hawa wa mwaka ule, tazameni meno, tazameni wino, tazameni taji! Sauti ilipanda. Hizi zimechapishwa London wakati babu za watu fulani hapa walikuwa wanavaa ngozi! Stempu gani inaishinda hii?

"Ni stempu ya serikali?" Makori akauliza polepole.

"Ya serikali kubwa kuliko hii yenu!"

Hapo kicheko kilikatika. Maneno kama hayo, miaka ile, hayakuwa ya kutamkwa barazani, na mzee mmoja kwenye benchi akageuza uso kama hakusikia. Makori akakunja karatasi, akaisukuma upande wa pili wa meza. Akasema kwa kuwa aliyeiandika ameapa juu ya stempu ya uongo, baraza haliwezi kuitegemea karatasi ile wala wale walioitia vidole. Shamba lirudi kwa ukoo wa Nchagwa. Mama apewe mpaka mwisho wa mwezi kutoa vitu vyake.

Cephas akabaki anapanga albamu yake. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjika, na alikuwa akiunyoosha kwa kidole gumba, taratibu, wakati watu wanatoka.

Nje, chini ya ukuta wa ofisi, Bhoke alikuwa anangoja. Wesley alimwita mara mbili kutoka barabarani, mamake hakugeuka. Alimshika Dolphine mikono yote miwili.

"Mimi nilikuja kusema," akamwambia. "Mtoto wangu alifikiri nimekuja kukaa kimya. Nilikuwa nangoja waniulize. Ningesema, mume wangu aliuza, nilikuwako, pesa nilihesabu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshajiandaa hata kufukuzwa na mtoto wangu. Hawakuniuliza." Kisha akamtazama Cephas juu ya bega la Dolphine. "Mzee, kwa nini hukuwaacha waniulize?"

Cephas alitaka kumweleza. Alianza na mwaka wa kutawazwa, na shule ya misheni, akafika mahali pa wale watoto waliolamba gundi, akaona wanawake wale wawili wameshaanza kutembea.

Ilichukua wiki mbili kabla hajathubutu kwenda. Alifika asubuhi, bila koti. Nyumba ya Dolphine ilikuwa imebaki kuta, na Dolphine alikuwa juu ya ngazi anang'oa misumari ya bati la mwisho, Bhoke akimpokea chini. Mabati yalikuwa yamepangwa kando ya njia. Alikuwa amepata chumba cha kupanga Muhuru Bay, kwa wanawake wa omena, na chumba kina bati lake, hivyo haya angeyauza.

"Nyaminwa," Cephas akasema, ndivyo kaka anavyomwita dadake, "usiende kwa watu. Rudi nyumbani Sori. Mimi ndiye mkubwa wa boma sasa, hakuna wa kukuzuia. Nitakujengea mimi mwenyewe."

Dolphine akaacha kung'oa. Alimtazama kakake kutoka juu, hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Cephas kuliko kelele.

"Utanijengea ndani ya ua, au nje?"

Cephas akafuta uso kwa kiganja. Akatazama mihogo, akatazama Bhoke, hakupata msaada.

"Unajua desturi, nyaminwa."

"Naijua," Dolphine akasema. "Ndiyo maana nilinunua."

Akang'oa msumari uliobaki, akamwambia Bhoke ashike ncha ile nyingine ya bati.